Preservation Hall: Ukumbi Uliowarudisha Wazee Kazini

Percy Humphrey aliuza bima. Narvin Kimball alikuwa mfanyakazi wa posta. George Lewis na Jim Robinson walikuwa wamechosha migongo yao kwa kupakua shehena kwenye gati za mto Mississippi. De De Pierce, mwashi kwa kazi na mpuliza koneti kwa kipaji, alikuwa amepofuka. Hawa ndio waliokuwa mabwana wa jazi ya New Orleans kufikia mwisho wa miaka ya 1950: watu wenye umri wa kuitwa babu, ambao kijana wa mtaani aliwajua kama yule mzee wa bima, au yule mzee anayepuliza tarumbeta kwenye mazishi. Muziki wao ulikuwa umezunguka dunia na kuzitajirisha kampuni za santuri za Chicago na New York. Wao walikuwa wamebaki nyumbani, na kumbi za kuwaajiri zilikuwa zikipungua mwaka hadi mwaka.

Juni 10, 1961, nyumba namba 726 katika mtaa wa St. Peter, ndani ya French Quarter, kitongoji kikongwe cha New Orleans, ilifunguliwa rasmi kwa ajili yao. Iliitwa Preservation Hall, yaani ukumbi wa kuhifadhi. Zaidi ya miaka 60 imepita, na watu bado hupanga foleni barabarani kila jioni kungoja kuingia. Mengi yameandikwa kuuhusu kama mahali palipouokoa muziki. Mimi naamini kwamba kilichookolewa kwanza pale ni riziki na heshima ya watu, na muziki ukapona kwa sababu wenye muziki walilipwa.

Msomaji aliyelelewa na Morogoro Jazz, Western Jazz au Dar es Salaam Jazz asitegemee kusikia magitaa yakijibizana. Sifa za jina la jazi zilivuka bahari zikafika kwetu, na bendi zetu zikajipamba nalo, lakini sauti ya mtaa wa St. Peter ni nyingine. Tarumbeta hushika wimbo wenyewe na kuutamka waziwazi, hata mtoto autambue. Klarineti hupanda juu yake, ikizunguka na kutia nakshi penye nafasi. Tromboni hubaki chini, ikivuta sauti ndefu za kuunganisha mwisho wa ubeti mmoja na mwanzo wa mwingine. Wote watatu hubuni papo hapo, kwa wakati mmoja, na nyuma yao banjo, kinanda, besi na ngoma hulinda mwendo. Kila mpigaji lazima awe na sikio la mwenzake. Ndiyo maana wazee waliopiga pamoja kwa miaka 30 au 40 walikuwa na kitu ambacho fundi kijana, hata awe na vidole vyepesi kiasi gani, hakuweza kukipata kwa kusikiliza santuri chumbani.

Asili ya muziki huo ni ya zamani sana. Mwaka 1817 baraza la mji liliamuru kwamba watumwa wanaotaka kukusanyika Jumapili wafanye hivyo mahali pamoja tu palipoteuliwa. Mahali hapo pakaja kuitwa Congo Square, na watu waliotekwa kutoka Kongo, Senegambia na kwingineko katika magharibi ya Afrika walipiga ngoma na kucheza pale, adhuhuri hadi magharibi, mbele ya macho ya mji mzima. Utumwa ulipokomeshwa, ala za bendi za kijeshi zikaingia mikononi mwa watu huru, na kila kitongoji kikawa na bendi yake ya matarumbeta.

Bendi hizo zilihitaji wa kuzilipa, na waliozilipa walikuwa vyama vya kufa na kuzikana. Vyama vyao vilifanya kazi kama vyetu: mwanachama anatoa mchango, akiugua anahudumiwa, akifa anazikwa kwa heshima. Chama cha New Orleans kiliongeza bendi. Ilitangulia jeneza kwa mwendo wa pole na nyimbo za kanisani za majonzi. Marehemu akishalazwa, ngoma ilibadili mdundo, tarumbeta ikapaa, na umati ukarudi mjini ukicheza na kupunga miavuli. Wanamuziki karibu wote nitakaowataja hapa walijifunza kazi katika maandamano hayo. Walijua kumliza mtu na kumnyanyua acheze ndani ya saa moja.

Mwaka 1907 Buddy Bolden, mpuliza koneti anayetajwa kuwa wa kwanza kuupiga muziki ule kwa namna yake mpya, alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na hakutoka hadi alipofariki mwaka 1931. Hakuna santuri yake hata moja iliyopatikana. Mwaka 1917 santuri ya kwanza ya jazi ilitolewa na bendi ya Wazungu. King Oliver, mpuliza koneti mwingine, alihamia Chicago, na mwaka 1922 akamwita kijana wake, Louis Armstrong. Vipaji vingi vilifuata njia hiyo ya reli. Waliobaki walikumbana na mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930, kisha bendi kubwa za swing, kisha mpiga saksafoni Charlie Parker na wenzake wakaibadili jazi ikawa muziki wa kuketi na kuusikiliza kwa makini, na mwishowe vijana wa New Orleans wenyewe wakavutwa na rock and roll ya Fats Domino. Nani angemtafuta tena mzee mwenye klarineti?

Wachache walitafuta. Mwaka 1942 wapenzi wa jazi ya kale walimrekodi Bunk Johnson, mpiga tarumbeta waliyemkuta katika mji wa New Iberia akifanya kazi za kibarua, hana meno wala tarumbeta. Walimchangia vyote viwili. Miongoni mwao alikuwepo Bill Russell, mtunzi wa muziki aliyeacha mambo yake ili awafuate wazee hao na mashine ya kurekodia. George Lewis alipoumia bandarini mwaka 1944, Russell alimfuata nyumbani na kumrekodi huko huko alikokuwa akijiuguza. Ndipo ikazaliwa Burgundy Street Blues, kipande cha klarineti ambacho mpaka leo wanafunzi wa Ulaya na Japani hujifunza noti kwa noti.

Nyumba ya St. Peter ilikuwa duka la michoro. Mwenye duka, Larry Borenstein, alitoka Milwaukee. Biashara ilimlazimu kukaa dukani usiku, hivyo hakuweza kwenda kuwasikiliza wanamuziki aliowapenda. Akawaalika waje kwake. Punch Miller, Kid Thomas Valentine, George Lewis na wengine walipiga katikati ya fremu za picha. Borenstein aliyaita mazoezi tu, na wasikilizaji walitia walichonacho kwenye chombo cha michango. Jina hilo la mazoezi lilikuwa na faida, kwa sababu sheria za Louisiana za wakati ule hazikutaka kuona watu weusi na Wazungu wakistarehe chumba kimoja.

Mwaka 1961 Ken Mills na Barbara Reid, wapenzi wakubwa wa muziki huo, waliunda chama cha kuuhifadhi na kuyageuza mazoezi yale kuwa maonyesho ya kila usiku. Ndio waliousimamisha ukumbi, na si haki kuwasahau kwa sababu tu hawakudumu nao. Miezi michache tu baadaye Borenstein aliukabidhi uendeshaji kwa Allan na Sandra Jaffe kwa sharti jepesi: faida yenu, hasara yenu.

Jaffe alikuwa na miaka 26. Alizaliwa Pottsville, mji wa machimbo ya makaa katika Pennsylvania, akasoma biashara katika chuo cha Wharton, na alijua kupiga tuba. Sandra alikuwa binti wa Philadelphia. Walikuwa wametoka fungate Mexico, wakapitia New Orleans, wakasikia muziki, wakaufuata mpaka dukani kwa Borenstein. Hawakurudi tena kwao kuishi. Mgawanyo wa kazi ulikuwa wazi tangu mwanzo: Sandra langoni na kikapu cha kiingilio, Allan ndani na tuba yake, na mahesabu yakifanywa usiku ule ule wageni wakishaondoka.

Waliamua kwamba ukumbi usiuze pombe. Kwa mji wa New Orleans, na hasa French Quarter, uamuzi huo ulikuwa mgumu kuuelewa, kwani kumbi zote za muziki huishi kwa baa, na jirani wa ukuta kwa ukuta alikuwa Pat O'Brien's, moja ya baa zenye wateja wengi mjini. Baa ikiwepo, muziki unakuwa mtumishi wa chupa: bendi hupumzishwa wateja wanunue, na mpigaji huchaguliwa kwa uwezo wake wa kuuza vinywaji. Hapa hapakuwa na kinywaji, chakula, kipaza sauti wala kiyoyozi. Palikuwa na mabenchi, mito ya kukalia sakafuni, na nafasi ya kusimama nyuma. Kiingilio kilikuwa dola 1 kwa miaka mingi. Mgeni aliyeingia alikuwa amekuja kwa jambo moja tu.

Bango la ukutani lilitaja bei ya kuomba wimbo: nyimbo za kale dola 1, nyinginezo dola 2, na When the Saints Go Marching In dola 5. Watalii walilipenda na kulipiga picha, ila lilikuwa na kazi ya kweli. Wageni wote walitaka wimbo huo wa mwisho, na wazee waliokuwa wameupiga mara mamia kwa mamia walistahili fidia. Fedha hizo zilikuwa zao. Kwetu mpigaji akifurahisha hutunzwa. Pale utunzaji uliwekewa bei.

Sheria iliyopitishwa Louisiana mwaka 1956 ilikataza watu weusi na Wazungu kushiriki pamoja katika dansi, michezo na burudani. Wanamuziki wa mji walikuwa na vyama viwili vya wafanyakazi, cha Wazungu na cha weusi, kile cha weusi kikiitwa Local 496. Katika ukumbi wa Jaffe, wenyeji Wazungu wa asili ya Kiyahudi waliwaajiri wapigaji weusi, na wasikilizaji wa rangi zote walibanana kwenye benchi moja. Mwaka 1961 hilo halikuwa jambo dogo. Sheria ya taifa ya haki za raia ilikuwa bado miaka 3 mbele, na katika mwaka ule ule basi zilizobeba vijana waliopinga ubaguzi, zikielekea New Orleans, zilishambuliwa njiani Alabama, na moja ikachomwa.

Polisi walikuja. Sandra alisimulia baadaye jinsi alivyokamatwa pamoja na bendi ya Kid Thomas, na hakimu akawaambia kwamba New Orleans haipendi kuchanganya kahawa na maziwa. Aliangua kicheko mahakamani, maana kinywaji ambacho mji huo unajivunia ni kahawa ya maziwa. Walilipa faini, wakarudi kufungua lango.

Nimewataja wenye ukumbi. Sasa wenye muziki, ambao nataka kukaa nao zaidi.

Sweet Emma Barrett alizaliwa mwaka 1897. Alijifunza kinanda kwa sikio, hakuwahi kusoma noti, na bado alipofika miaka 26 alikuwa mpiga kinanda wa bendi ya Original Tuxedo ya Papa Celestin, ambamo wenziwe wengi walikuwa wanaume waliosoma. Alivaa kofia nyekundu ndogo, na miguuni mikanda ya soksi yenye kengele zilizolia kila alipopiga mguu chini kushika mwendo. Aliimba kwa sauti ya mwanamke asiyeombwa kurudia. Hakupenda kusafiri, na kwa ndege hata kidogo, lakini mwaka 1964 alifika Minneapolis kwenye jumba la Tyrone Guthrie na kurekodi santuri ambayo watu wengi duniani waliisikia kabla hawajaujua hata mtaa wa St. Peter uko wapi. Mwaka 1967 alipata kiharusi, mkono wa kushoto ukapooza. Angeweza kubaki nyumbani na kuzungumziwa. Alirudi kwenye kinanda na kupiga kwa mkono wa kulia peke yake, akiziachia besi na banjo kazi ya mkono uliokwisha, na akaendelea hivyo kwa miaka 15 na zaidi hadi alipofariki mwaka 1983. Hakuna meneja wa kawaida wa burudani ambaye angemweka jukwaani mpiga kinanda wa mkono mmoja. Ukumbi huu ulimweka, na watu wakajaa.

Billie na De De Pierce walikuwa mume na mke. Billie alikulia Pensacola, Florida, na akiwa msichana aliwahi kumpigia kinanda mwimbaji wa blues Bessie Smith alipopita huko na msafara wake. Kwa miaka mingi wawili hao walipiga Luthjen's, ukumbi mdogo wa dansi uliopendwa na watu wazima wa mji, kisha maradhi yakawaangusha wote wawili na De De akapoteza macho. Waliporudi jukwaani, sasa katika mtaa wa St. Peter, Billie alimwongoza mumewe kwa kinanda: noti mbili tatu za kumwonyesha njia, naye anaingia. De De aliimba pia kwa Krioli, lugha ya nyumbani ya familia za zamani za mji huo, ambayo majukwaa mengi yalikuwa yamekwisha kuisahau. Alifariki mwaka 1973, na Billie akamfuata mwaka 1974.

Ndugu Willie na Percy Humphrey walitoka ukoo wa walimu. Babu yao, Profesa James Brown Humphrey, alikuwa akisafiri kutoka mjini kwenda mashamba ya miwa kuwafundisha vibarua na watoto wao kupiga ala, na wengi wa kizazi cha kwanza cha jazi walipita mikononi mwake au mwa wanafunzi wake. Willie, mpuliza klarineti, aliwahi kupiga kwenye meli za mtoni katika bendi ya Fate Marable na kufika Chicago mapema, kisha akarudi. Percy alikuwa kiongozi wa Eureka Brass Band, bendi ya mazishi yenye nidhamu kuliko zote, na mchana aliuza bima. Nyumbani kwao muziki ulikuwa elimu kwanza, hata kabla haujawa kipato. Mtu akishangaa kwa nini Willie, akiwa na miaka zaidi ya 90, bado alikaa wima kitini na kutoa sauti safi, ajue alianza masomo kwa babu yake.

Wengine nawapita haraka ingawa kila mmoja anastahili makala yake: Slow Drag Pavageau na besi aliyoivuta kama mtu anayefungua mlango mzito, Cie Frazier, ambaye ngoma zake ziliwafundisha wapigaji vijana wengi kupunguza mikono, Narvin Kimball, aliyecharaza banjo kwa mkono wa kushoto na kuimba taratibu kwa sauti nzuri mno. Mchoraji Noel Rockmore aliwachora karibu wote, na baadhi ya picha zake zilitundikwa ukumbini, wahusika wakipiga chini yake.

Fedha za mlangoni zisingetosha peke yake. Mwaka 1962 kampuni ya Atlantic ilirekodi mfululizo wa santuri pale, na mwaka 1963 safari zikaanza. George Lewis alizunguka Japani kwa miezi, akakuta kumbi zimejaa vijana wanaojua majina ya wapigaji wote wa bendi yake, jambo ambalo mji wake haukuwahi kumfanyia. Baadaye bendi kadhaa zenye jina la Preservation Hall zikawa safarini kwa wakati mmoja, zikipiga vyuoni na katika majumba makubwa ya muziki, na nyingine ikibaki nyumbani. Hapo elimu ya Wharton ilionekana. Jaffe alikuwa amegundua kwamba msikilizaji wa New Orleans amewazoea wazee wake, lakini msikilizaji wa Iowa au Osaka yuko tayari kulipa ili awaone. Mtu aliyekuwa akipata vijisenti kwa kusindikiza jeneza alianza kulipwa mshahara wa msanii akiwa na miaka 70.

Lawama nazo zilikuwepo, na hazikuwa za uongo zote. Wapo waliouita ukumbi jumba la makumbusho, wakasema wageni Wazungu huja kuwatazama wazee weusi kama masalia ya enzi, na kwamba muziki uliofungiwa nyumba moja umekwisha kufa. Vijana weusi wa miaka ya 1960, waliokuwa barabarani wakidai haki, hawakutaka kujiona katika tabasamu la mzee anayepiga Saints kwa dola 5. Naielewa hasira hiyo. Pia ni kweli kwamba wenye lango walikuwa Wazungu na wenye ala walikuwa weusi, kama ilivyokuwa mara nyingi mno katika historia ya jazi. Hata hivyo nikiwatazama waliokuwa wakipiga, siwaoni watu waliohifadhiwa. Sweet Emma hakuigiza zamani. Alipiga alichokijua kila usiku, akabishana na wenzake juu ya mwendo, akapokea ujira wake akaenda zake. Kama hilo ni jumba la makumbusho, basi waliomo walikuwa hai na walikuwa na hesabu zao za kulipwa.

Tatizo la kweli lilikuwa lingine: wazee hufa. George Lewis alifariki mwaka 1968, Pavageau mwaka 1969, Punch Miller mwaka 1971, Jim Robinson mwaka 1976. Kila jina lilikuwa pengo ambalo ukumbi haukuwa na shule ya kulijaza. Kisha Machi 1987 Allan Jaffe mwenyewe alifariki kwa saratani, akiwa na miaka 51. Kwa miaka mingi alikuwa amepiga tuba katika Olympia Brass Band, akiwasindikiza wengine makaburini, na New Orleans ikamzika kwa mtindo huo huo. Mwaka ule ule alikwenda pia Kid Thomas Valentine, akiwa na zaidi ya miaka 90.

Sandra aliuendesha ukumbi katika miaka ambayo wengi walidhani utafungwa. Mwana wao Ben, aliyezaliwa mwaka 1971 na kukulia miguuni pa wazee hao, alimaliza chuo cha muziki cha Oberlin mwaka 1993, akarudi nyumbani na besi yake, akaingia kwenye bendi moja kwa moja. Alipata bahati ya kupiga na ndugu wa Humphrey mwishoni kabisa mwa maisha yao. Willie alifariki mwaka 1994, Percy mwaka 1995. Kazi ya Ben ilikuwa ngumu kuliko ya baba yake. Baba aliwakuta wazee wakiwa na kila kitu isipokuwa ajira. Mwana alirithi ajira, na wazee wenyewe wakawa wamekwisha.

Agosti 29, 2005, kimbunga Katrina kilifika, kingo za kuzuia maji zikabomoka, na takriban asilimia 80 ya mji ikafunikwa na maji. French Quarter iko juu kidogo. Wenyeji wa kwanza walijua pa kujenga. Ukumbi ulipona. Vitongoji walivyoishi wapigaji havikupona. Kwa miezi kadhaa palikuwa na jengo zima lisilo na wanamuziki, wao wakiwa wametawanyika Texas, Georgia na kwingineko, wengi wamepoteza ala, nyumba na santuri za maisha yao yote. Ben na wenzake walianzisha mfuko wa kuwasaidia wanamuziki waliokumbwa na kimbunga, wapate ala, kodi ya nyumba na nauli ya kurudi. Narvin Kimball hakurudi. Alihamishiwa South Carolina, na huko akafariki Machi 2006 akiwa na miaka 97, wa mwisho kati ya wale wa bendi ya miaka ya mwanzo. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo ukumbi ulifunguliwa tena, na baadaye serikali ya Marekani ikaitunuku bendi yake nishani ya taifa ya sanaa.

Katika kuwatafuta watu upya, alipatikana Charlie Gabriel. Alizaliwa New Orleans mwaka 1932, katika kizazi cha nne cha wanamuziki, akahamia Detroit akiwa kijana, akapiga huko miongo kwa miongo, kisha baada ya Katrina akajiunga na bendi na kurudi mji wa kwao. Alikuwa anazijua nyimbo za kale kwa damu, lakini alikuwa amepita pia kwenye jazi zilizokuja baadaye, na hakuona sababu ya kujifanya hazijui. Mwaka 2013 bendi ilitoa That's It!, albamu yake ya kwanza yenye nyimbo mpya tupu, iliyorekodiwa ndani ya chumba kile kile cha St. Peter. Wapo mashabiki waliokasirika: vipi ukumbi wa kuhifadhi utunge? Mimi naona ulichelewa. Buddy Bolden na King Oliver hawakuwa na nyimbo za kale za kuhifadhi. Walitunga, wakaazima, wakageuza. Mwishoni mwa 2015 bendi ilikwenda Cuba, kwenye midundo iliyosafiri kwenda na kurudi kati ya Havana na New Orleans tangu enzi za majahazi ya biashara, na waliyoyasikia huko yakaingia kwenye albamu yao ya mwaka 2017.

Mwaka 2011 iliundwa taasisi ya hisani yenye jina la ukumbi, ambayo hupeleka wapigaji wake shuleni kuwafundisha watoto wa mji na kuwasaidia wanamuziki wazee wasioweza tena kupiga. Kwangu hilo ndilo jambo zito kuliko albamu zote. Machi 2020 ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofunga kumbi zote, Preservation Hall nayo ilifungwa. Taasisi ilichangisha fedha kwa onyesho la mtandaoni, ambalo hata Paul McCartney alishiriki, na wapigaji wakapokea posho zao bila kupiga. Juni 2021, ukumbi ukitimiza miaka 60, milango ilifunguliwa. Sandra Jaffe alifariki Desemba ya mwaka huo akiwa na miaka 83. Miezi michache baadaye Charlie Gabriel alitoa albamu ya kwanza yenye jina lake peke yake juu, akaipa jina la umri wake: 89.

Siku hizi kuna maonyesho kadhaa kila jioni, kila moja la takriban dakika 45, na wapigaji zaidi ya 50 hupokezana zamu. Baadhi yao wana wajomba na babu waliopiga humo kabla yao. Kiingilio si dola 1 tena. Pombe bado haiuzwi, vipaza sauti bado havijawekwa, na bendi ikimaliza seti, kila mpigaji analipwa.